Mtendaji Aliyepotea: Lugha ya Habari za Ukatili dhidi ya Watoto katika Nakuru Wakati wa Korona

Utangulizi

Tarehe 13 Machi 2020 Waziri wa Afya wa Kenya, Mutahi Kagwe, alitangaza kwamba mgonjwa wa kwanza wa Korona alikuwa amethibitishwa nchini. Siku mbili baadaye Rais Uhuru Kenyatta aliamuru shule zifungwe, na tarehe 27 mwezi huohuo amri ya kutotoka nje usiku ikaanza kutekelezwa. Ukiondoa madarasa machache yaliyorejea Oktoba 2020, wanafunzi wengi hawakuingia tena shuleni hadi Januari 2021. Katika kipindi hicho vyombo vya habari vilikuwa na mambo mawili makubwa ya kusimulia: maradhi yenyewe, na ukatili waliotendewa watoto waliokuwa wamefungiwa majumbani. Makala haya yanakusudia kuchunguza namna jambo hilo la pili lilivyosimuliwa kwa Kiswahili, hususan katika habari zilizotoka Nakuru na sehemu za kati za Bonde la Ufa.

Hoja ya makala ni moja. Lugha ya habari hizo iliazima sarufi na msamiati wa habari za maradhi, na kwa kufanya hivyo ilimwondoa mtendaji katika sentensi na kuiweka Korona mahali pake. Kosa hilo si la mtindo peke yake. Sentensi isiyo na mtendaji huzaa habari isiyo na mkosaji, na habari isiyo na mkosaji humwachia mtoto mzigo wa aibu ambao si wake.

Yafaa ieleweke mapema kwamba sentensi za mfano zitakazotolewa hapa zimetungwa kwa kufuata miundo iliyozoeleka, wala hazikunakiliwa kutoka gazeti au kituo chochote. Sababu ni mbili. Kwanza, habari halisi za aina hii mara nyingi hutaja kijiji, shule na umri wa mtoto, na kuzinakili ni kurudia dosari ileile inayohakikiwa. Pili, kinachochunguzwa ni desturi ya lugha, si kalamu ya mwandishi mmoja.

Mazingira ya Habari

Kaunti ya Nakuru inaanzia Naivasha upande wa kusini, inapitia Gilgil na mji wa Nakuru wenyewe, ambao ulipewa hadhi ya jiji tarehe 1 Desemba 2021, na kupanda hadi Njoro, Molo na Kuresoi katika miinuko ya Mau. Wakazi wake ni wa makabila mengi: Wakikuyu, Wakalenjin, Waluhya, Waluo, Wakisii, Wamaasai na wengineo. Katika mitaa kama Kaptembwo, Rhonda na Bondeni, Kiswahili ndicho lugha ya ujirani, ya soko na ya kituo cha polisi. Kwa hiyo neno litumiwalo na Taifa Leo, au na mtangazaji wa Radio Citizen, Radio Maisha au KBC, haliishii gazetini wala redioni. Hurudi mtaani na kuwa neno ambalo mama hulitumia anapoeleza yaliyompata mwanawe.

Maradhi yaliikuta kaunti hii katika hali ya udhaifu. Machi 2020 soko la maua la Ulaya liliporomoka, na maelfu ya wafanyakazi wa mashamba yanayozunguka ziwa Naivasha wakarudishwa nyumbani. Mwaka huohuo maziwa ya Bonde la Ufa yalifurika, na familia za mtaa wa Kihoto mjini Naivasha zikahama makwao kwa sababu ya maji. Tarehe 26 Machi 2021 Nakuru ilikuwa miongoni mwa kaunti tano, pamoja na Nairobi, Kiambu, Machakos na Kajiado, ambazo watu walikatazwa kuingia wala kutoka, na saa za kafyu zikaanza mapema zaidi, saa mbili za usiku. Familia zilizopoteza kipato zilijikuta katika chumba kimoja cha kupanga, mchana na usiku. Jirani ambaye angesikia kilio alizuiwa kutoka, na mwalimu ambaye angeona alama mwilini mwa mtoto hakuwapo.

Hapo ndipo lugha ya afya ilipogongana na lugha ya jinai. Wito mkuu wa serikali ulikuwa watu wakae nyumbani, na maana iliyofumbwa katika wito huo ni kwamba nyumba ni ngome na hatari iko nje. Lakini habari za mahakamani zilisema kinyume: kwa watoto wengi hatari ilikuwa ndani. Mambo haya mawili yaliishi katika kurasa mbalimbali za gazeti lilelile, na kwa nadra yaliletwa katika sentensi moja. Wahenga walikwisha kuonya kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Lugha ya habari ilipendelea kukitafuta hewani, mahali palipokuwa na virusi.

Korona Kuwa Kiima

Chukua sentensi ya namna hii: "Korona imesababisha ongezeko la mimba miongoni mwa wanafunzi." Kisarufi, kiima ni Korona, na kitenzi ni cha usababishi. Sentensi haina mwanamume ndani yake. Msikilizaji akiichukua kama ilivyo, ataamini kwamba kirusi kinachoshambulia mapafu kimepata pia uwezo wa kutunga mimba. Bila shaka hakuna aaminiye hivyo waziwazi. Lakini lugha hufanya kazi yake hata pale msikilizaji asipoamini, kwa kuwa humzoesha kuuliza swali moja na kuliacha jingine. Baada ya sentensi kama hiyo swali la kawaida ni: maradhi yataisha lini? Swali ambalo halizaliwi ni: nani alifanya?

Msamiati nao ulifuata njia hiyohiyo. Ukatili ulisemwa kuwa "umezuka", "umeenea" au "umesambaa", na ukaelezwa kwa maneno "wimbi", "mkurupuko" na "janga". Haya ni maneno ya maradhi, ya bahari na ya misiba isiyo na mwenyewe. Wimbi halina nia, wala janga haliwezi kushtakiwa katika mahakama ya Nakuru. Inaweza kujibiwa kwamba hizo ni tamathali tu, na kwamba mwandishi wa habari hana budi kuonyesha ukubwa wa jambo. Jibu hilo lina ukweli, lakini tamathali hupimwa kwa kile inachokificha sawa na kile inachokionyesha. Tamathali ya wimbi huonyesha wingi na kuficha uamuzi. Kila kitendo cha kumdhulumu mtoto kilifanywa na mtu aliyeamua kukifanya.

Kitenzi kinachostahili kuangaliwa kuliko vyote ni "kupata". Katika Kiswahili mtu hupata kazi, hupata mtoto, hupata ajali, hupata homa. Ni kitenzi ambacho kiima chake hupokea tu, awe ametaka au hakutaka. Katika mwaka 2020 kitenzi hiki kilitumika bega kwa bega katika habari mbili: watu walipata Korona, na wasichana walipata mimba. Ufanano huo wa muundo uliwaweka wasichana katika kundi la wagonjwa, na kukawa na mawazo kwamba kinga ya mimba ni kama kinga ya maradhi: msichana ajichunge, asikaribiane na watu. Kauli ya kutendwa iliyotumika badala yake, kama "wasichana waliotungwa mimba", ilikuwa afadhali kidogo, kwa kuwa angalau inakiri kwamba kuna mtu aliyetenda. Lakini Kiswahili kina kihusishi "na" cha kumtaja mtendaji baada ya kitenzi cha kutendwa, na kihusishi hicho ndicho kilichoachwa.

Kitenzi hichohicho kilijitokeza katika habari ya aina nyingine. Usiku wa tarehe 30 Machi 2020, siku chache baada ya kafyu kuanza, mvulana wa miaka 13 alipigwa risasi akiwa kwenye roshani ya nyumba yao huko Kiamaiko, Nairobi, wakati polisi walipokuwa wakitekeleza amri hiyo. Alifariki dunia, na baadaye afisa mmoja wa polisi akafikishwa mahakamani. Habari ya aina hii inaweza kusimuliwa kwa kusema kwamba risasi "ilimpata" mtoto. Hapo risasi ndiyo kiima, aliyefyatua hayupo. Maradhi humpata mtoto, mimba humpata, risasi humpata. Katika sarufi hii mtoto huishi katika dunia ya mambo yanayotokea yenyewe.

Najisi, Mapenzi na Mapema

Jambo la pili ni uteuzi wa maneno yanayotaja kitendo chenyewe. Maneno matatu yatatosha kuonyesha hali ilivyo.

Neno la kwanza ni "kunajisi". Katika habari za mahakama nchini Kenya hili ndilo neno la kawaida la kosa la kumwingilia mtoto. Chanzo chake cha karibu kinajulikana. Sheria ya Makosa ya Kijinsia ya mwaka 2006 imeandikwa kwa Kiingereza, na kosa hilo limepewa humo jina lenye maana ya kuchafua. Mkalimani wa mahakama huligeuza kwa Kiswahili papo hapo, na mwandishi aliyeketi nyuma huliandika. Kwa hiyo lawama haimwangukii mwandishi peke yake. Hata hivyo yafaa kutazama neno hili linabeba nini. Najisi, neno lenye asili ya Kiarabu, ni kile kinachoharibu tohara. Nguo iliyoingiwa na najisi huoshwa kabla ya kusaliwa nayo. Katika "alimnajisi", uchafu hukaa pale penye kiambishi cha mtendwa, yaani kwa mtoto. Aliyefanya hubaki nje ya uchafu wake. Kitendo kikiisha, mtoto ndiye aliyenajisika.

Athari ya dhana hiyo huonekana katika maneno ambayo jamii huyaongezea: kwamba mtoto "ameharibiwa" au "amechafuliwa". Kitu kilichochafuka hufichwa. Ndiyo sababu familia huvutwa kuyamaliza mambo kwa mapatano ya wazee, kwa faini ya mifugo au fedha, na wakati mwingine kwa kumwoza msichana kwa yuleyule aliyemdhulumu. Hufanyika hivyo ijapokuwa Sheria ya 2006 haiwapi wazee wala polisi mamlaka ya kuifuta kesi kama hiyo. Wenyeji wa Bonde la Ufa hawahitaji kufundishwa nguvu ya sitiari ya doa. Neno "madoadoa", lililotumiwa dhidi ya jamii zilizohesabiwa kuwa za kuja, liliwekwa mwaka 2022 na Tume ya Taifa ya Uwiano na Utangamano katika orodha ya maneno ya chuki. Ikiwa inakubalika kwamba si halali kumwita jirani doa, yafaa iulizwe pia kama ni halali kumwita mtoto aliyeumizwa najisi.

Neno la pili ni "mapenzi". Ukatili wa aina hii huitwa mara nyingi "dhuluma za kimapenzi", na mtuhumiwa huelezwa kuwa "alishiriki mapenzi" na mtoto. Kisa cha matumizi haya ni tafsida. Neno "ngono" huonekana kuwa zito kwa masikio ya hadhara, hasa redioni ambapo wazazi na watoto husikiliza pamoja, na mhariri hutafuta neno la heshima. Lakini heshima hiyo humhifadhi msikilizaji na kumwumiza mtoto. Dhuluma na mapenzi hayakutani. Kitenzi "kushiriki" nacho huongeza kosa, kwa maana anayeshiriki ana fungu lake na hiari yake, ilhali mtoto hana hiari ambayo sheria inaitambua. Maneno "dhuluma za kingono" na "ukatili wa kingono" yamekwisha kuingia katika Kiswahili cha mashirika na cha Tanzania, na yanaeleweka. Hakuna udhuru wa kuyakwepa.

Neno la tatu ni "mapema", katika "mimba za mapema" na "ndoa za mapema". Neno hili hulifanya tatizo kuwa la saa na kalenda, kana kwamba kilichokosewa ni wakati tu. Sheria ya 2006 yatazama kwa macho mengine. Aliyemwingilia mtoto wa miaka 11 au chini yake adhabu yake ni kifungo cha maisha. Kwa mtoto wa miaka 12 hadi 15, kifungo kisichopungua miaka 20. Na kwa mwenye miaka 16 hadi 18, kisichopungua miaka 15. Pamoja na utata wa kesi zinazohusu vijana wa rika moja, mimba ya msichana wa miaka 13 kwa kawaida ni ushahidi wa jinai. Kuiita "ya mapema" ni sawa na kumwita marehemu aliyeuawa kuwa amekufa mapema: si uongo, lakini si habari.

Ulinganisho na Tanzania unafaa hapa. Huko marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016 yaliweka kifungo cha miaka 30 kwa anayempa mimba mwanafunzi, na usemi "kumpa mimba mwanafunzi" una mtendaji wazi. Hata hivyo msichana mwenyewe aliendelea kufukuzwa shule hadi serikali ilipobadili msimamo Novemba 2021. Kwa hiyo haidaiwi hapa kwamba sarufi peke yake humwokoa mtoto. Inadaiwa tu kwamba pale ambapo mtendaji hasemwi kabisa, hata mwanzo wa haki haupo. Sierra Leone ni ushahidi wa upande mwingine. Baada ya shule zilizofungwa kwa Ebola kufunguliwa Aprili 2015, wasichana wenye mimba walikatazwa kuingia darasani, na amri hiyo haikuondolewa hadi Machi 2020, mwezi uleule ambao shule za Kenya zilifungwa. Taifa lililoona mimba tu liliwaadhibu wenye mimba.

Takwimu na Kinachosahauliwa

Mapema Aprili 2020 David Maraga, aliyekuwa Jaji Mkuu, alitoa taarifa kwamba makosa ya kijinsia yalikuwa yameongezeka katika sehemu nyingi za nchi, na kwamba yalifikia asilimia 35.8 ya mambo ya jinai yaliyoripotiwa katika majuma mawili yaliyotangulia. Aliongeza kwamba katika baadhi ya kesi watuhumiwa walikuwa jamaa wa karibu, walezi au watu wanaoishi na waathiriwa. Taarifa hiyo ina sehemu mbili zenye uzito usio sawa. Asilimia ni sehemu ya jumla, nayo huweza kupanda kwa kuwa makosa mengine yamepungua, hasa katika majuma ambayo mahakama zilikuwa zimepunguza shughuli zake na watu wamepungua barabarani. Sehemu ya pili haikuhitaji hesabu yoyote, na ndiyo iliyomtaja mtendaji. Lakini tarakimu hukaa vyema katika kichwa cha habari, na jamaa wa karibu hawakai.

Mfano mkubwa zaidi ulitokea Juni 2020, iliporipotiwa kwamba wasichana takriban 4,000 wa kaunti ya Machakos walikuwa na mimba. Habari hiyo iliitikisa nchi, ikawa kioo ambacho kaunti nyingine, Nakuru ikiwamo, zilijitazamia. Hesabu hiyo ilihusu miezi ya Januari hadi Mei. Ilitokana na kumbukumbu za wasichana wenye umri wa miaka 10 hadi 19 waliofika kliniki za wajawazito. Kwa kuwa shule zilifungwa katikati ya Machi, na kwa kuwa wengi hufika kliniki miezi kadhaa baada ya mimba kutungwa, ni dhahiri kwamba sehemu kubwa ya mimba hizo zilitungwa wakati shule zikiwa wazi, na nyingine katika mwaka 2019. Tena mwenye miaka 18 au 19 si mtoto kisheria.

Ukosoaji huu wa hesabu haukusudii kuupunguza uovu. Kinyume chake, unauonyesha kuwa mkubwa zaidi. Ikiwa idadi kama hiyo ilikuwapo kabla ya Korona, basi Korona siyo chanzo chake, na habari iliyoyafunganisha mambo hayo mawili iliupa uovu wa siku zote udhuru wa msimu. Tarehe 6 Julai 2020 Rais aliagiza Kituo cha Taifa cha Utafiti wa Uhalifu kichunguze ongezeko la dhuluma za kijinsia na kutoa ripoti katika siku 30. Agizo hilo lilikuwa jema, lakini lilichukua umbo la habari zilizolitangulia: liliuliza juu ya ongezeko. Kabla ya ongezeko kulikuwa na kiasi ambacho kilikuwa kimezoeleka, na kilichozoeleka hakina kichwa cha habari.

Watoto Waliokosa Neno

Wapo watoto ambao lugha hii haikuwataja hata kwa kosa. Wa kwanza ni wavulana. Dhuluma ya kingono dhidi ya mvulana huitwa "ulawiti", neno linalotokana na jina la Nabii Lut na kisa cha watu wake. Neno hilo hutaja dhambi ya mji mzima wala halitofautishi aliyelazimisha na aliyelazimishwa. Mvulana aliyetendewa hivyo huingia katika habari akiwa amebeba jina la dhambi. Haishangazi kwamba wavulana wengi hunyamaza, na kwamba kwa kuwa hawashiki mimba, hawaonekani katika hesabu za kliniki.

Wa pili ni watoto wa mitaani, wale wanaoonekana sokoni na katika kituo cha mabasi cha Nakuru, na wale ambao riziki yao iko kwenye jaa la Gioto. Kwao wito wa kukaa nyumbani haukuwa na maana, kwa kuwa walikosa kile ambacho wito ulidhani kila mtu anacho. Jina walilopewa na lugha ya mjini ni "chokoraa", jina la kazi ya kuchokora taka. Mtoto aitwaye hivyo huhesabiwa kwanza kama kero ya mji. Akipigwa usiku na walinzi wa kafyu, tukio hilo huandikwa chini ya usafi na usalama wa mji, wala si chini ya ukatili dhidi ya watoto. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 53, inamkinga kila mtoto na aina zote za ukatili, bila kuuliza kama ana nyumba.

Hoja za Watetezi

Watetezi wa mtindo uliopo wana hoja mbili ambazo haifai kuzipuuza. Ya kwanza ni haki ya mshtakiwa. Mtu hana hatia mpaka mahakama iamue, na mwandishi anayemtaja mtendaji huenda akamhukumu kabla ya hakimu. Hoja hii ni ya kweli, lakini Kiswahili kimekwisha kuijibu. Maneno "anadaiwa", "mshukiwa" na "mshtakiwa" yapo kwa kazi hiyo. Linganisha "Mtoto wa miaka tisa anajisiwa" na "Mwanamume ashtakiwa kwa kumbaka mtoto". Sentensi ya pili haimhukumu mtu, bali hueleza jambo lililofanywa na mahakama mbele ya watu wote. Na bado ina kiima chenye miguu miwili.

Hoja ya pili ni ngumu zaidi. Kanuni za maadili ya waandishi wa habari nchini Kenya zakataza kumtambulisha mtoto katika kesi za makosa ya kingono. Ikiwa mtuhumiwa ni baba au mjomba, kumtaja ni kumtaja mtoto. Hivyo mwandishi humficha mtendaji ili amhifadhi mtendwa. Hapa kuna mgongano wa kweli kati ya mambo mawili mema, na hauwezi kumalizwa kwa kanuni moja.

Hata hivyo yafaa kuangalia ni kipi hasa kinachofichwa katika habari za kawaida. Jina la mtoto hubanwa, na msomaji huarifiwa kwamba limebanwa. Kisha hufuata jina la kijiji, jina la shule, darasa analosoma, kazi ya mama yake na maneno ya chifu wa eneo. Katika kijiji cha Molo, au katika ploti ya Kaptembwo, jina ndilo kitu cha mwisho kinachohitajika ili mtoto ajulikane. Kwa hiyo mtindo uliopo haumhifadhi mtoto sana, na bado humpoteza mtendaji. Njia iliyo bora ni kugeuza mpango huo: kiachwe kijiji, iachwe shule, yaachwe maelezo ya familia, na itunzwe sentensi yenye mtendaji asiye na jina. Kusema kwamba "mtu mzima aliyekuwa na dhamana ya mtoto ameshtakiwa" hakumfichui mtoto yeyote katika kaunti yenye mamilioni ya watu, na kunawaambia wazazi wote jambo wanalohitaji kulijua: kwamba hatari ina funguo za nyumba.

Tena mtendaji si mkosaji peke yake. Katika kila kesi kuna watendaji wengine: polisi aliyepokea ripoti au aliyeikataa, hospitali iliyochukua ushahidi, afisa wa watoto, mwendesha mashtaka, mahakama iliyoahirisha. Hawa si wa kufichwa kwa ajili ya mtoto. Habari inayoishia siku ya kukamatwa kwa mtu, bila kurudi kueleza kesi ilivyokwisha, humwacha msomaji na maumivu bila maarifa. Na habari isiyotaja njia ya msaada, hata nambari 116 ambayo mtoto huweza kuipiga bila malipo, imetumia kisa cha mtoto mmoja bila kumfaa mtoto mwingine.

Hitimisho

Wakati wa Korona wataalamu wa Kiswahili walionyesha kwamba lugha hii huweza kuundiwa istilahi kwa haraka pale haja inapotambuliwa. Tanzania ilipata "UVIKO-19" kwa jina la ugonjwa. "Barakoa", neno la kale la vazi la uso la wanawake wa pwani na Uarabuni, lilipewa kazi mpya na kukubaliwa kote Afrika ya Mashariki. Maneno hayo yalipatikana katika muda mfupi kwa kuwa ilionekana wazi kwamba neno baya lingeweza kuhatarisha maisha. Maneno ya ukatili dhidi ya watoto hayajapewa juhudi kama hiyo, ingawa uovu wenyewe ni mkongwe kuliko maradhi hayo, na haukuondoka kafyu ilipoondolewa Oktoba 2021.

Kazi iliyopo ni ya kawaida na inawezekana. Istilahi za Kiswahili za makosa ya kingono zahitaji kutungwa upya kwa ushirikiano wa wanaisimu, wanasheria na wakalimani wa mahakama, ili mwandishi apewe mahakamani neno ambalo halimchafui mtoto. Vyuo vilivyomo katika eneo lenyewe, kikiwamo Chuo Kikuu cha Egerton kilichoko Njoro, vina nafasi ya kukusanya habari za redio na magazeti za miaka hiyo na kuzichambua kwa wingi wake, kazi ambayo makala mafupi kama haya hayawezi kuitimiza. Kwa upande wa vyumba vya habari, kipimo cha kuanzia kinatosha kuwa kimoja: kabla sentensi juu ya mtoto aliyeumizwa haijachapwa au kusomwa hewani, mhariri aulize ni nani kiima chake. Ikiwa ni maradhi, wimbi, risasi au mtoto mwenyewe, sentensi hiyo haijaisha kuandikwa.